Jinsi nilivyomzuia paka mdogo kukwaruza makochi

Afadhali sasa! Paka wetu mdogo alikuwa habanduki kwenye kochi, anakwaruza kitambaa mpaka nyuzi zinaning'inia. Kumfokea na kumnyunyizia maji kulimfundisha tu kusubiri tutoke sebuleni.

Kilichosaidia ni gogo lililozungushiwa kamba ya katani. Nililiweka kwanza kona ya mbali, hakulijali. Paka akiamka hujinyoosha na kukwaruza palepale alipolala, kwa hiyo nikalisogeza ligusane na mkono wa kochi. Muhimu zaidi, nililipigilia kwenye ubao mpana lisiyumbe. Likitikisika kidogo tu, analikimbia. Liwe refu pia, ajinyooshe mwili mzima. Kila akilikwaruza nampa dagaa hapohapo. Alipolizoea, nikaanza kulisogeza taratibu kuelekea dirishani.