Kebo ya klachi ilikuwa ya moto

Pikapu yangu ni ya mwaka 1993, ya petroli, yenye kabureta na klachi ya kebo. Kwa miaka tisa imenibebea viazi kutoka Isyonje mpaka sokoni Mwanjelwa, jijini Mbeya, na ada za watoto zimetoka humo. Kwa hiyo mwanzoni mwa Juni ilipoanza kugoma asubuhi, nilikosa usingizi.

Nakaa Uyole. Aliyewahi kulala huku mwezi wa sita na wa saba anaijua hiyo baridi: oili inakuwa nzito, betri nayo nguvu zake zinapungua, halafu ndiyo saa unayotaka stata izungushe injini. Yangu ilizunguka mara mbili kizito, ikapiga "tak", basi. Vijana wa jirani wakasukuma, ikawaka. Mchana ikishapata joto haikuwa na neno.

Fundi wa kwanza akapima betri, akasema imechoka. Nikanunua mpya, N50, shilingi 180,000. Siku kumi zikaenda vizuri, ya kumi na moja nikaita tena vijana wasukume. Fundi wa pili akasema altaneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka, haichaji inavyotakiwa. Akaifungua, akabadilisha kaboni, nikamlipa 35,000. Nikapata siku nne. Wa tatu alitaka kushusha stata, hapo nikamwomba tusubiri. Siwalaumu. Kila mmoja aliona kitu cha kweli: betri ilikuwa chini, chaji ilikuwa ndogo. Lakini swali la kwa nini betri mpya inaishiwa nguvu ndani ya siku kumi halikuwa limejibiwa, na hela ilikuwa inakwenda.

Jibu lilianza kujionyesha barabarani. Jioni moja nilikuwa nateremka kutoka Isyonje na gunia sita, ukungu umeshuka, nikawasha taa kubwa. Mshale wa joto uliokuwa katikati ukaruka karibu na H, alama ya moto sana. Nikasimama pembeni, nikafungua boneti nikiamini injini inachemka. Hakuna mvuke, hakuna maji yaliyomwagika, mipira ya rejeta ina joto la kawaida. Nikazima taa, mshale ukarudi katikati. Nikawasha, ukapanda. Nilirudia mara tano pale pale gizani. Maji hayawezi kupanda joto kwa sekunde moja kwa sababu umewasha taa, na hayawezi kupoa kwa sekunde moja ukizizima. Kilichokuwa kinacheza ni umeme.

Jirani yangu ni mzee aliyestaafu kazi ya umeme wa reli. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza yote, kuanzia betri mpaka mshale. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Mwanangu, injini imekaa juu ya mpira. Umeme wake unarudi betri kwa njia gani?"

Sikuwa nimewahi kulifikiria. Tunahangaika na waya zinazopeleka umeme, zenye rangi na fyuzi, tunasahau kwamba umeme ukishafanya kazi kwenye taa au stata lazima urudi upande wa hasi wa betri. Kwenye gari unarudi kupitia chuma chenyewe. Kwenye pikapu yangu waya wa hasi wa betri umefungwa kwenye bodi. Injini na giaboksi vimekalia mauntini za mpira, na mpira haupitishi umeme. Kilichowekwa kuurudisha umeme kutoka injini hadi bodi ni waya mmoja tu, wa eathi, na stata, inayovuta ampea mia na zaidi, inategemea waya huo. Altaneta nayo, kwa sababu imefungwa kwenye injini, inategemea huo huo.

Jumamosi mzee alinikopesha mita yake. Nilichomoa waya mdogo wa koili kusudi injini izunguke bila kuwaka, nikaweka nyutro, nikavuta breki ya mkono, mwanangu mkubwa akakaa kwenye usukani kupiga stata nikimwambia.

Kwanza ncha mbili za mita kwenye vichwa vya betri vyenyewe. Gari limelala: volti 12.4. Stata inazunguka: 10.9. Betri nzima hiyo, haina kosa. Kisha ncha nyeusi kwenye hasi ya betri na nyekundu kwenye bodi, stata ikipigwa: 0.1. Safi. Halafu nyeusi pale pale kwenye hasi, nyekundu kwenye chuma kitupu cha injini. "Piga." Mita ikaandika 2.9.

Namba hiyo nataka ieleweke vizuri, maana ndiyo iliyonipa jibu. Kati ya hasi ya betri na injini haitakiwi ipotee hata nusu volti wakati wa kupiga stata. Mimi nilikuwa napoteza karibu tatu. Betri inatoa 10.9, stata inabakiwa na nane. Mchana injini ikiwa na joto nane zinatosha kwa tabu, alfajiri ya Julai hazitoshi.

Nikamwambia kijana apige mara nyingine mbili, nikapeleka mkono nyuma ya injini kuutafuta ule waya. Vidole vikagusa kebo ya klachi nikavirudisha haraka. Ilikuwa ya moto. Gari halijawaka tangu jana yake, injini ni baridi kama jiwe, lakini gamba la ile kebo lilikuwa la moto na plastiki yake imeanza kulainika na kunuka. Umeme wa stata ulikosa njia yake, ukarudi kwenye bodi kupitia kebo ya klachi, kwa kuwa nayo ni ya chuma. Mzee alipoishika akatikisa kichwa: ingeendelea hivyo, kebo ingeungua na huenda moto ungeanzia hapo.

Waya wenyewe niliukuta chini ya giaboksi, umesukwa bapa kama utepe. Nusu ya nyuzi zilikuwa zimekatika, zilizobaki zimeota unga wa kijani. Kabla ya kuufungua, mzee akanishauri nithibitishe: nikachukua waya moja nene ya kubustia, nikaunganisha hasi ya betri moja kwa moja na chuma cha injini, nikarudisha waya wa koili. Iliwaka kwa mguso mmoja. Mwanangu alipiga kelele ndani ya gari.

Matengenezo hayakuzidi saa moja. Nikafungua hasi ya betri kwanza kwa spana namba 10. Nikanunua kipande cha waya nene ya shaba, ile inayotumika kwenye mashine za kuchomelea, nikabaniwa vichwa pande zote mbili, jumla 14,000. Nikapiga msasa pande zote, kwenye giaboksi na kwenye bodi, mpaka chuma kikang'aa, kwa sababu rangi na kutu vikibaki chini ya kichwa cha waya hujafanya kitu. Nikakaza na washa za meno, kisha ndipo nikapaka grisi juu, kuzuia maji.

Tulipopima tena, zile 2.9 zilikuwa 0.2. Injini ikiunguruma, betri ilikuwa inapata 14.1, na taa kubwa zikiwaka 13.9. Zamani, altaneta ikitoa chaji nzuri tu, betri ilikuwa inapokea 13.0. Ndiyo maana betri mpya haikuwahi kujaa, na ndiyo maana mshale wa joto ulikuwa unaongopa: kipimo chake kimefungwa kwenye injini, na taa zikiwaka umeme mwingi zaidi ulilazimika kupita kwenye ule waya mbovu.

Taa ya nyuma ya kushoto, ambayo indiketa yake ilikuwa inawasha na taa ya breki, nayo ilikuwa na kutu kwenye eathi yake ndogo. Msasa na dakika kumi.

Nilimrudishia mzee mita yake pamoja na debe la viazi. Akasema "ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa, akaniuliza kebo ya klachi ikoje. Nikamwambia nimeibadilisha pia, maana gamba lilikuwa limeshalainika. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, vioo vyeupe kwa umande, nilipiga stata mara moja. Jioni nikateremka tena Isyonje na gunia saba, taa kubwa zinawaka, mshale umetulia katikati mpaka nyumbani.