"Hamdumu"

Maneno ya yule bibi mzee ninayemtunza huku Maine, Marekani, hayajanitoka. Wiki hii shemeji kafunga ndoa, Baba Neema kaanza zamu za usiku, lakini mimi bado niko Jumatatu asubuhi, nimeshika kijiko cha uji namlisha, naye ananikazia macho: "Nyinyi watu wa joto hamdumu Maine. Baridi itawarudisha kwenu."

Nikasema, "Tutaona, bibi."

Akarudia polepole: "Hamdumu." Nikampangusa kidevu, nikanyamaza.

Nyinyi mnaonijua tangu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mnajua kwamba sina pa kurudi.

Jioni Neema alikuwa na kazi ya shule, historia ya jimbo, akawa ananisomea huku nachambua mchicha. Waingereza walifika mdomo wa mto Kennebec mwaka 1607, wakajenga ngome, wakaunda na meli. Kiongozi wao, George Popham, akafia hapo. Walipoonja majira ya baridi mara moja tu, wakafunga virago mwaka 1608. Nikamwambia hebu soma tena. Hamdumu, hamdumu! Wawabanaki, wenyeji wa asili wa hapa, walikuwapo maelfu ya miaka kabla yao, na wapo hadi leo.

Waliorudi baadaye nao walisota. Portland yetu hii, enzi hizo ikiitwa Falmouth, ilibomolewa vitani 1690, ikachomwa na manowari za Uingereza 1775. Massachusetts, jirani yetu, ilikuwa imeinunua Maine mwaka 1677 kwa pauni 1,250 na kuitawala kutoka Boston, mji wake mkuu. Waingereza walipoteka upande wa mashariki mwaka 1814, Boston haikuhangaika kuukomboa. Hapo wengi walichoka, wakadai jimbo lao.

Nilikuwa nimeshachangamka kabisa, mpaka tukafika 1820. Maine iliingia Marekani bila utumwa, kwa makubaliano kwamba jimbo la Missouri liingie na utumwa wake. Neema akauliza, "Mama, na watumwa wa Missouri waliulizwa?"

Hawakuulizwa, mwanangu. Usiku kucha nilimuwaza mama mmoja wa kule, watoto wake wakibaki mali ya mtu ili huku watu wapate bendera yao. Kwa nini uhuru wa hapa ulipwe na yeye?

Jambo jingine: mdogo wangu wa Bujumbura hapokei simu tangu Alhamisi. Inaita tu. Aliye karibu na Kinama naomba ampitie, kisha aniandikie hata usiku wa manane.