Uzi Usiopewa Ramani

Wapendwa, wiki hii tutafakari kazi iliyofanyika ndani ya kila mmoja wetu kabla hajazaliwa.

Katika uti wa mgongo wa kiinitete, seli za neva zilizo upande wa mgongoni huchipuza uzi mwembamba. Kwenye ncha yake pana kitu kama kiganja, upana wake takriban mikromita 10, ambacho Santiago Ramón y Cajal alikieleza mwaka 1890. Vidole vyake hunyooka na kujikunja bila kupumzika, vikipapasa protini iitwayo netrini, jina lililotokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya anayeongoza. Ndani ya kidole kilichogusa netrini nyingi zaidi, nyuzi za protini iitwayo aktini hujengeka. Kilichokosa hunywea, na ncha nzima huelemea upande wenye wingi. Tofauti ya asilimia chache tu kati ya upande na upande yatosha. Neno la Mungu huitwa taa ya miguu, na miguu huhitaji kuona hatua inayofuata.

Hapa ndipo pa kutulia zaidi. Mvuto huo huuleta uzi hadi mstari wa kati wa mwili, nao haukuumbwa ukae hapo. Unatakiwa uvuke. Kabla ya kuvuka, kipokezi cha Robo3, protini iliyo juu ya uzi ya kupokea ishara, huufanya usiisikie Slit, protini ya kufukuza iliyojaa palepale katikati. Ukishavuka, kizuizi hicho huondoka, Slit husikika, na mvuto wa netrini hufifia. Palepale palipouita sasa panausukuma uondoke, kisha protini za Wnt huuelekeza kichwani. Mahali hapakubadilika, uzi ndio uliobadilika.

Inzi wa matunda wasio na kipokezi cha Robo, kile kinachoisikia Slit, nyuzi zao huvuka, hurudi, huvuka tena. Kwa binadamu, nakala zote mbili za jeni ya ROBO3 zikiharibika, nyuzi kadhaa za ubongo wa nyuma hazivuki kabisa: macho hushindwa kugeuka kushoto na kulia, na uti wa mgongo hupinda tangu utotoni. (Asiwepo wa kuwahukumu ndugu hao. Hiyo ni jeni, si dhambi.)

Katika maombi ya wiki hii, tumtajie Bwana kila mahali alipotuita kwa utamu na ambapo sasa panatusukuma. Tusikimbilie kusema amenyamaza. Tumuulize kama tumeshavuka.