Usiku jenereta lilipotuzimikia Shangani

Waliokuwepo Unguja mwisho wa 2009 wanajua nnachosema. Disemba ile waya wa baharini unaotuletea umeme kutoka bara ulipata hitilafu upande wa Fumba, tukakaa gizani mpaka Machi 2010, kisiwa kizima, na umeme ukiondoka na maji ya bomba yanaondoka mana pampu hazivuti, basi kila mtu na dumu lake kutafuta kisima. Pemba wenzetu wala halikuwagusa, wao walikuwa na majenereta yao Wesha. Mie nilikuwa mapokezi kwenye hoteli moja ndogo Shangani, jina silitaji, na ndo msimu wenyewe, joto la kaskazi, vyumba vimejaa.

Jenereta letu lilikuwa kuukuu, liliwekwa pale kwa ajili ya umeme ukikatika saa moja au mbili, sasa likawa linaunguruma usiku kucha. Aliyekuwa akilihangaikia ni mzee mmoja wa Kikwajuni, fundi wa siku nyingi, mtu wa maneno machache.

Usiku mmoja karibu na mwaka mpya, baada ya isha, likazima. Giza, feni kimya, wageni wakateremka na tochi, kuna Mtaliano mmoja kajifunga taulo tu anadai pesa zake. Meneja wetu, kijana msomi lakini moto wa kifuu, akamkuta mzee anaingia kutoka uani mikono imejaa grisi, akamvaa palepale mbele ya wageni na sisi watoto wadogo: "Hivi wewe tunakulipa kwa kazi gani? Kama umezeeka si useme!"

Mzee hakujibu. Alifuta mikono kidole kimoja kimoja kwa kile kitambaa chake, akatia kofia kichwani, akaweka funguo za chumba cha jenereta juu ya kitabu cha wageni mbele yangu, akasema "haya jamaa, kwaherini," akatoka.

Meneja akaanza kupiga simu, huku na huku, nani apatikane msimu ule? Kila fundi wa jenereta mjini ana foleni.

Aliyeokoa jahazi ni bi mkubwa wa stoo ya mashuka. Kwanza alimalizana na wageni. Hakuwaambia sori sori kama nilivyokuwa nikiimba mie, aliwaambia kweli yake, mji mzima hauna umeme, jenereta letu limekufa na fundi anafatwa, akawapandishia magodoro juu ya paa kwenye upepo, Mtaliano akapewa dafu akatulia. Halafu akamwita meneja ndani ya stoo akafunga mlango. Sasa stoo iko nyuma ya kaunta na mbao zenyewe nyembamba, nikasikia yote.

"Mwanangu, yule mzee umemfedhehesha mbele za watu. Mfate kwake."

"Mimi nimfate? Bi, mie ndo bosi wake."

"Ndo mana uende wewe. Ningemtukana mie, ningekwenda mie."

Nikachukuliwa niwaonyeshe nyumba. Mzee katupokea vizuri tu, karibuni karibuni, koroboi inawaka, kahawa ikaletwa. Bi mkubwa wala hakugusa habari ya jenereta, kauliza mguu wa mke wake, kauliza maji wanapata wapi, meneja kila saa anaangalia simu na bi mkubwa anamkata jicho. Miaka ya karibuni tulipelekwa semina ya haya mambo ya akili hisia, projekta na chai ya saa nne, tukaambiwa wasomi wa Marekani Peter Salovey na John Mayer waliyaandikia mwaka 1990, kuzijua hisia zako na za mwenzio na kuzitumia vizuri. Somo zuri, silibezi, ila mkufunzi alipotutaka tuigize mfanyakazi aliyeudhika mie nilikuwa nnaliona lile jicho la bi mkubwa. Hilo kwenye projekta halikuwepo.

Kahawa ilipokwisha ndo meneja akasema, sauti ya chini, "Mzee wangu nimekukosea, niwie radhi."

"Yamekwisha, baba." Kisha kama anayetaja bei ya samaki: "Ni chujio la dizeli limeziba. Niliandika kwenye daftari zamani linunuliwe jipya. Saini yangu ipo, yako ndo haipo."

"Sasa mbona hukunambia palepale?"

"Mbele ya wageni wako?"

Meneja kimya. Mie nikaangalia kikombe changu.

Tukarudi, mzee akalifungua lile chujio, akalisafisha, akatoa upepo kwenye mpira wa mafuta, saa sita hivi za usiku taa zikawaka. Asubuhi chujio jipya lilifika kabla sijatoka shifti, na mzee akadai ovataimu zake zote za tangu umeme ukatike, zikasainiwa bila mabishano. Yule Mtaliano naye kateremka kaja kuuliza kama usiku wa leo anaweza kulala tena kule juu.