Mie na wasiwasi wa kugonga watu

Jamani OCD, haya maradhi ya wasiwasi unaojirudia kichwani, si kukosha mikono na kurudia udhu tu. Ipo ile ambayo kichwa kinakwambia utamdhuru mtu, au ushamdhuru na hujui, na wenye nayo wengi wanaificha kwa sababu utaanzaje kuisema?

Yangu ni ya barabarani. Natoka zangu Fuoni na vespa, nikipita shimo tu roho inaruka, lile si shimo ni mtu, umemgonga, geuza. Nageuza sioni kitu, naondoka, nikifika Mwanakwerekwe kichwa kinasema ulitazama upande mmoja tu, jee kama kaangukia mtaroni? Na kila nikihakikisha ndo shaka inazidi, wallahi kurudi hakujawahi kunituliza zaidi ya dakika mbili tatu. Usiku sasa, mke wangu hebu mulika hapa kwenye madigadi, hii damu au kutu?

Dada yangu yake ilimjia alipojifungua. Akishika kisu cha kuparia samaki inamjia picha anamchoma mwanawe, basi visu vyote kavipeleka kwa jirani na mtoto hataki kumuogesha. Watu wakasema jini. Daktari alituelewesha kuwa anayetetemeka kwa fikra ile na kuichukia ndo mwenye OCD, na fikra inamwandama kwa vile hataki hata kidogo litokee. Ila mzazi anayesikia sauti zinamwamrisha, au anayeamini kweli mtoto huyu lazima adhurike, huyo ni jambo jengine kabisa, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Halafu fikra zenyewe karibu kila mtu anazo. Mwaka 1978 watafiti wawili, Rachman na de Silva, kule Uingereza waliwauliza watu wazima wasio na maradhi, wengi wakakiri zinawapitia hizo hizo, tofauti wao wanaziacha zipite na sisi tunazifungulia kesi. Hata Masahaba walimwendea Mtume (SAW) wakasema wanaona ndani ya nafsi zao mambo makubwa hata kuyatamka hawawezi, akawaambia hiyo ndiyo imani ya wazi, ipo kwenye Sahih Muslim hadithi hiyo.

Tiba yake inaudhi. Unapita shimo na hurudi, unakaa na ile shaka inakuchoma mpaka ishuke yenyewe, kesho tena. Dada alianza kuparua samaki changu mtoto yupo kwa bibi yake chumba cha pili, baadae mlangoni, baadae hapo hapo ubavuni. Dawa zipo pia kama fluoksetini na setralini, lakini kwa OCD zinaweza kuchukua wiki 8 mpaka 12 kuonesha kazi, usende wiki ya pili ukazitupa. Na Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya maradhi ya akili hapa Unguja, nendeni tu, watu wa kusema watasema.

Kwangu kugumu ni kuacha kuuliza. Mke wangu kaambiwa asinijibu, sasa nikijifanya "jee, habari za mjini leo?" keshanijua natafuta ajali, ananambia kaulize kwa sheha.