Namba ileile, mimi na shangazi

Mwezi wa Machi nilipanda kwa miguu kutoka Kibirizi, mfuko wa dagaa mkononi na jua la saa saba utosini, nikaingia katika kituo kimoja cha afya hapa Kigoma kupima presha. Kipimo kilisoma 148 kwa 92. Kabla jasho halijanikauka, mhudumu alikuwa ameshaniandikia amlodipini, dawa ya kushusha presha, tena kwa maelezo kwamba ningeimeza maisha yangu yote. Sikuinunua siku hiyo.

Daktari niliyemwona baadaye alianza na kipimo chenyewe. Alinitaka nikae kimya dakika tano, mgongo ukiegemea kiti na mkono ukiwa usawa wa moyo, kisha akaniagiza nirudi siku nyingine mbili. Wastani ukawa 141 kwa 89, yaani nimesimama mlangoni kabisa, kwa sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaelekeza dawa zianze presha inapofika 140 kwa 90. Marekani walishusha kiwango cha kuitwa mgonjwa hadi 130 kwa 80 mwaka 2017, na mamilioni ya watu wakawa wagonjwa bila mishipa yao kubadilika hata kidogo. Hata hivyo hawakusema kila aliyefika 130 apewe vidonge.

Kinachonisumbua ni hesabu ya faida. Tuseme dawa inapunguza robo ya hatari ya kiharusi na mshtuko wa moyo. Kama katika watu 100 wenye hali kama yangu wanne tu wangepatwa katika miaka kumi, robo hiyo ni mtu mmoja, na wengine 99 wamemeza vidonge bila kuona tofauti. Lakini kama ni watu 20 katika 100, wanaookoka ni watano. Mapitio ya mwaka 2012 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za tiba, yaliyokusanya watu wapatao 9,000 wenye presha ya 140 hadi 159 kwa namba ya juu na wasio na ugonjwa wa moyo, hayakuona dawa zikipunguza vifo kwa kiwango cha kuaminika, na takriban asilimia 9 waliziacha kwa sababu ya madhara. Utafiti wa SPRINT wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kulenga kushusha presha chini ya 120 kuliokoa maisha, ila waliochaguliwa walikuwa na miaka 50 na zaidi na hatari kubwa ya moyo, na waliotibiwa kwa nguvu hiyo walizirai na kupata matatizo ya figo zaidi ya wenzao.

Shangazi yangu wa Ujiji ana 142, karibu sawa na mimi, lakini ana kisukari cha miaka mingi, kinachoongeza hatari yake. Kwake sikuona cha kujadili. Alianza na enalaprili, dawa nyingine ya presha, ikamletea kikohozi kikavu kilichomnyima usingizi, akabadilishiwa losatani na sasa anaendelea vizuri. Mimi sina kisukari, sivuti sigara, na figo zangu zilipimwa zikaonekana nzima, ndiyo maana daktari alikubali tusubiri miezi mitatu.

Kusubiri huko kulikuwa na masharti. Ukanda wetu ni wa chumvi tangu enzi, Uvinza haiko mbali, na nyumbani kwangu chumvi iliingia kwenye mboga, kwenye kachumbari na kwenye samaki waliokwisha kukaushwa nayo. Kiwango kinachopendekezwa ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hicho kwetu kilikwisha kabla ya chakula cha jioni. Sasa samaki wa chumvi wanalowekwa na maji yanamwagwa mara mbili, jambo ambalo mke wangu analiona ni kuharibu samaki. Nimepungua kilo nne pia.

Wastani wa mwezi Juni ulikuwa 136 kwa 86. Daktari hakunipongeza sana. Alisema presha haiumi, na anayesubiri dawa ndiye anayesahau kupima. Tarehe yangu ya kurudi ni mwezi wa Septemba, na tumekubaliana kwamba wastani ukirudi juu ya 140, nitaanza amlodipini ileile, nikiangalia miguu isivimbe.