Ndizi, parachichi na kikombe cha bati kwa rangi za maji

Mpangilio ninaourudia mara nyingi ni chane ndogo ya ndizi mbivu kutoka soko la Mbuyuni, hapa Moshi, parachichi moja na kikombe cheupe cha bati, juu ya kitambaa kisicho na maua. Mwanga utoke dirisha moja tu. Ukitoka pande mbili huzaa vivuli viwili na umbo linapotea. Jua la moja kwa moja nalikwepa, kivuli huhama kabla tabaka la kwanza halijakauka. Asubuhi za Julai, mawingu yakitanda, ndizo nzuri kuliko zote.

Karatasi ni ya gramu 300 kwa mita ya mraba, yaani nene, nimeibana ubaoni kwa tepu pande zote nne. Ile ya gramu 80 ya kuchapia hujikunja na rangi hutuama kwenye mabonde. Penseli HB, mkono mwepesi. Ukisugua sana kwa kifutio, uso wa karatasi huchubuka na hapo rangi hunywewa na kuwa doa.

Weupe naupanga kabla ya kulowesha brashi, kwa sababu weupe wenyewe ni karatasi. Mng'ao wa kikombe na nukta inayometa kwenye parachichi nazizungushia penseli, sipiti humo kabisa.

Naanza na njano nyepesi ya ndizi, nikiichanganya iwe nzito kidogo kuliko ninavyoitaka, kwani ikikauka hupauka. Kisha nasubiri. Naigusa karatasi kwa mgongo wa kiganja: ikiwa ya baridi, bado ina maji. Picha nyingi huharibikia hapa. Brashi yenye maji mengi ikigusa rangi iliyokauka nusu, maji husukuma chembe za rangi pembeni na kuacha alama yenye kingo zilizochanika kama koliflawa. Ikitokea usiifukuzie, iache ikauke kabisa, lainisha ukingo kwa brashi yenye unyevu, bonyeza tishu.

Vivuli ndivyo vilivyonichukua muda mrefu kuliko yote. Nyeusi ya kwenye boksi siitumii, huua mwanga. Njano naitia zambarau kidogo sana, kijani cha parachichi naitia nyekundu, na kijivu cha kikombe natengeneza kwa buluu ya altramarini na kahawia ya siena. Halafu nafinya macho mpaka rangi zififie, nibaki na mwanga na giza tu. Hapo utaona jambo gumu kuamini: upande wa kikombe cheupe ulio kivulini ni mzito kuliko ndizi iliyopigwa na mwanga. Uchore hivyo hivyo, na upande unaotazama ndizi uutie njano hafifu, maana ndizi humwaga rangi yake pale.

Kivuli cha mezani huwa kizito na chenye ukingo mkali karibu na kitu, kisha hulainika kadiri kinavyokwenda mbali.

Madoa ya kahawia ya ndizi naweka mwisho, kwa brashi namba 2 iliyokaribia kukauka. Tepu naibandua taratibu, kuelekea nje, karatasi ikiwa kavu kabisa.